Tuna daftari la maziko, kwa nini hatuna daftari la kisima?



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Wiki hii safu yetu haizungumzii ugonjwa mmoja kama ilivyo kawaida. Inazungumzia pampu ya maji iliyonyamaza, na watu wa kawaida waliojitolea kwa ajili ya Allah kuhakikisha hainyamazi tena.

Mwaka 2014 nilipangiwa kazi katika zahanati ya kijiji kimoja cha Bonde la Rufiji, mkoa wa Pwani. Nilikuwa kijana, sijamaliza hata miaka miwili tangu nitoke chuo cha matabibu. Kijiji kilikuwa na kaya zipatazo 140, msikiti mmoja wa Ijumaa na madrasa moja chini ya mwembe. Maji hakikuwa nayo. Watu walichota kwenye kidimbwi kilichoachwa na mafuriko, humo humo mifugo inakunywa na watoto wanaoga. Wengine walikwenda mtoni, ambako kuna mamba.

Mwaka ule wakaja ndugu zetu Waislamu kutoka mjini. Walijitolea mali na nguvu zao, wakachimba kisima jirani na msikiti, wakafunga pampu ya mkono na kuweka kibao cha marumaru chenye jina la marehemu aliyekusudiwa thawabu. Siku ya ufunguzi ilisomwa dua na likapikwa pilau. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioomba dua, na miongoni mwa waliokula.

Miezi iliyofuata niliiona baraka ya kisima kile kwa macho yangu. Katika vitabu vya MTUHA, ambavyo tunaandika kila mgonjwa anayefika zahanati, mistari ya watoto wanaoharisha ilipungua. Akina mama walikuja kliniki mapema kwa sababu hawakutumia tena asubuhi nzima kutafuta ndoo moja. Nilimshukuru Allah na nikadhani kazi imekwisha.

Novemba 2015 pampu ikaanza kutoa maji kwa kusuasua. Ukipiga mpini mara ishirini unapata robo ndoo. Baada ya siku chache ikakauka kabisa. Kilichoharibika kilikuwa raba ya ndani, kitu kinachoenea kiganjani. Lakini kijiji kizima hakikuwa na spana ya kuifungulia pampu ile, wala mtu mwenye namba ya simu ya fundi. Waliochimba walipigiwa simu, wakajibu kwa upole kuwa mradi wao wa mwaka ule umekwisha, inshaallah watatazama mwakani. Kisima kikakaa kimya wiki saba, na watu wakarudi kidimbwini.

Kumbuka msomaji, huo ndio wakati ambapo kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilikuwa kinasambaa mikoani. Hadi mwisho wa 2016 nchi yetu ilikuwa imeandikisha wagonjwa zaidi ya 20,000. Kijijini kwetu Allah alituepusha na kipindupindu, lakini kuharisha kwa kawaida kulitosha. Wiki ya tano aliletwa mtoto wa kike wa miaka miwili, amebebwa mgongoni na bibi yake. Alikuwa ameharisha siku tatu. Macho yamezama, mdomo umekauka, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Tulitafuta mshipa wa kumwekea maji tukaukosa. Alifariki kabla ya adhuhuri. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Alasiri ile ile likafunguliwa daftari la maziko. Kila kaya shilingi 500, kama desturi yetu. Hakuna aliyeuliza kwa nini, hakuna aliyesema ngoja mwisho wa mwezi. Sanda ikapatikana, wachimba kaburi wakapatikana, na kabla ya magharibi tulikuwa tumezika. Nilisimama makaburini nikifanya hesabu ambayo sijaisahau mpaka leo. Tulichochanga kwa saa chache kumzika mtoto yule kilitosha kununua ile raba na kumlipa fundi, na chenji ingebaki.

Nami sijitoi katika lawama. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu wagonjwa. Siku ya pilau sikuuliza swali moja jepesi: spana atashika nani?

Amali ndogo inayodumu

Tulipokuwa madrasa tulifundishwa kuwa mwanaadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu inayowanufaisha watu, na mtoto mwema anayemwombea mzazi wake. Kwa hadithi hii, iliyopokewa na Imamu Muslim, Waislamu wengi wanatoa visima kwa niaba ya wazazi wao. Ni jambo jema sana. Saad bin Ubada (r.a.) alipofiwa na mama yake na akataka kumtolea sadaka, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwenye maji, naye akachimba kisima.

Lakini tulitafakari neno lenyewe: yenye kuendelea. Kisima kilichokauka kwa kukosa raba kimeacha kuendelea. Kibao cha marumaru kinaendelea, jina la marehemu linasomeka vizuri, ila maji hayatoki. Sisi tulio hai ndio tuliomkatia marehemu yule manufaa ya maji yake, kwa uvivu wetu wa kuchanga shilingi mia tano.

Waliotutangulia walilijua hili. Uthman bin Affan (r.a.) alipokinunua kisima cha Ruma kule Madina na kukitoa kwa Waislamu, alikubali ndoo yake iwe sawa na ndoo ya mtu mwingine yeyote. Umar bin Khattab (r.a.) alipopata ardhi Khaybar akamwuliza Mtume (s.a.w.) aifanye nini, alielekezwa aizuie asili yake na atoe matunda yake sadaka. Ardhi ile ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Na katika masharti yake akatajwa msimamizi, ambaye aliruhusiwa kula katika mazao yake kwa wema bila kujilimbikizia. Angalia hekima hiyo. Wakfu ule ulikuwa na mali, ulikuwa na mwenye kuuangalia, na mwenye kuuangalia alikuwa na haki yake inayojulikana. Sisi tunachukua mali, tunaacha msimamizi, kisha tunashangaa wakfu unakufa.

Bibi Aisha (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa amali zinazopendwa zaidi na Allah ni zile zenye kudumu hata zikiwa chache. Kwangu mimi, hii ndiyo kanuni ya kwanza ya afya ya jamii. Siku moja ya kambi ya matibabu yenye fulana mpya na kipaza sauti haimlindi mtoto kama anavyolindwa na mama mmoja anayekagua pampu kila Jumamosi kwa miaka kumi.

Tahara si lazima iwe salama

Kabla sijaeleza kilichofanyika baadaye, niseme kitu ambacho kilitukwamisha mwanzoni. Nilipokuwa nawakataza watu maji ya kidimbwi, mzee mmoja msomi wa pale aliniambia, "Dokta, wewe si umesoma kwetu? Maji yale yamepita kulateni. Hayajabadilika rangi, utamu wala harufu. Unayanajisi kwa dalili gani?"

Alikuwa na haki kwa upande wake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yaliyofikia kulateni, yaani takriban lita mia mbili, hayanajisiki mpaka najisi iliyoingia ibadilishe rangi, utamu au harufu yake. Hiyo ni hukumu ya tahara, nami nimeisoma na ninaikubali. Kwa maji hayo mtu anatia udhu na swala yake inaswihi.

Lakini sheria kuniruhusu kutia udhu haikuniamrisha kuyanywa. Vijidudu vya kipindupindu, vya kuhara damu na vya homa ya matumbo haviwezi kuonekana kwa jicho wala kunuswa kwa pua. Mamilioni yanaweza kuwemo katika maji yanayong'aa kama kioo. Swali la tahara tunamuuliza sheikh, na swali la maradhi tunamuuliza tabibu. Wote wawili wanafanya kazi ya dini moja, kwa sababu kulinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria. Nilipomjibu hivyo, mzee alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi ungeanza hapo." Toka siku ile alikuwa mtetezi wetu mkubwa.

Hali kadhalika kwa choo cha mtoto mchanga. Wengi wanaamini hakina madhara, wanakitupa nyuma ya nyumba. Huenda wamechanganya na wepesi uliowekwa na sheria kwa mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajala kitu zaidi ya maziwa. Wepesi ule ni wa mkojo huo tu. Kinyesi cha mtoto ni najisi, na kwa upande wa afya kinabeba vijidudu vile vile vilivyomo katika kinyesi cha mtu mzima. Kitupwe chooni na mikono ioshwe kwa sabuni.

Daftari la kisima

Baada ya maziko yale, ustadh wa madrasa alikuja zahanati jioni. Hakuja na hotuba. Alikuja na daftari jipya la kurasa 96, mistari imeshachorwa, juu ameandika: Daftari la Kisima. Akaniambia, "Dokta, tunalo la maiti. Tuandike na la walio hai."

Ndipo kazi ilipoanza, na haikuwa nyepesi. Kamati ya kwanza ilikuwa ya wanaume watano. Sisi tulikaa vikao vitatu msikitini tukajadili nani awe mwenyekiti. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amebeba ndoo kichwani mwezi ule. Akina mama wa darsa ya Alhamisi ndio waliotuokoa. Walimtuma bibi mmoja, mkubwa wao, akatuambia kwa adabu kuwa pampu ikikwama wa kwanza kujua ni mwanamke, na mwanamume anajua siku anapokosa maji ya kuoga. Tulicheka kwa aibu. Kamati ikawa ya watu saba, wanne wakiwa akina mama, na mtunza fedha akawa mwanamke.

Kila kaya ilipangiwa shilingi 500 kwa mwezi. Kwa kaya 140 hiyo ingekuwa shilingi 70,000, lakini sitaki kukudanganya msomaji, haikufika hapo. Mwezi mzuri zililipa kaya 90, na wajane na wagonjwa waliandikwa kuwa wamesamehewa bila majina yao kusomwa hadharani. Hata hivyo shilingi 45,000 kwa mwezi ni fedha nyingi kwa pampu ya mkono. Makusanyo na matumizi yalisomwa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi baada ya swala, shilingi kwa shilingi, na karatasi ikabandikwa mlangoni. Ninaamini kile kikaratasi cha mlangoni ndicho kilichojenga imani kuliko khutba kumi.

Fundi wa wilaya aliitwa. Tulimlipa, kisha tukamwomba asiondoke mpaka afundishe. Alifundisha akina mama wawili na kijana mmoja kufungua pampu, kubadilisha raba, kukaza nati na kuirudisha. Spana zilinunuliwa na kuwekwa nyumbani kwa mmoja wa mama hao. Raba ya akiba ikawekwa kabatini. Toka siku ile hatukungoja raba ife. Ilibadilishwa kabla, kama tunavyobadilisha mkeka wa msikiti kabla haujatoboka.

Upande wa vyoo kulikuwa na mtihani mwingine. Vijana wa madrasa walitaka kwenda nyumba kwa nyumba kukagua. Siku ya kwanza tu mzee mmoja akawafukuza kwa bakora, na sikumlaumu. Choo ni sitara ya mtu. Nani anataka kijana wa miaka kumi na minane aje achungulie choo chake kisha akamsimulie barazani? Tukabadilisha utaratibu. Akina mama wawili wawili ndio waliotembelea, walibisha hodi kama wageni, wakazungumza na mwenye nyumba, na walichokiona hawakukisema popote. Nyumba isiyo na choo haikuandikwa kwenye orodha ya aibu. Iliandikwa kwenye orodha ya msaada. Kijana aliyetaka kukagua akapewa jembe aende akamchimbie shimo bibi asiye na mtoto wa kiume. Hapo vijana walijifunza tofauti kati ya kujitolea na kujionyesha.

Mashimo yalichimbwa umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani, na kamwe si upande wa juu wa mteremko. Kila tundu likawekewa mfuniko wa mbao wenye mpini mrefu ili kuzuia inzi. Nje ya kila choo, watoto wa madrasa walifunga kibuyu chirizi kwa dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyagia. Ustadh aliwaambia kuwa atakayetengeneza kizuri zaidi ataadhini siku moja ya Ijumaa. Sijawahi kuona watoto wakikimbilia usafi namna ile.

Siwezi kudai kuwa kila nafuu iliyokuja ilitokana na daftari lile. Miaka hiyo dawa pia zilikuwa zikipatikana zaidi na chanjo zikiongezeka. Lakini kwa muda wote niliokaa pale baada ya hapo, hadi nilipohamishwa mwaka 2019, pampu haikukaa kimya zaidi ya siku mbili, na hatukuzika tena mtoto kwa kuharisha. Alhamdulillah.

Je, tunauza maji?

Lilikuwepo pingamizi, na lilitoka kwa watu wema. Walisema Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na amekataza kuzuia maji ya ziada. Sasa vipi tunatoza fedha kisimani tena cha sadaka?

Hili ni suala la masheikh, na sisi tulilipeleka kwao. Imamu wetu alieleza kuwa kinachochangwa ni gharama ya chombo na ujira wa kazi, wala si thamani ya maji. Akaweka sharti ambalo nadhani kila kijiji kinafaa kulishika: hakuna atakayefukuzwa kisimani kwa kutolipa. Anayeweza atakumbushwa nyumbani kwake, asiyeweza atasamehewa, lakini ndoo ya mtu haitarudishwa tupu. Kwa wanaouliza kuhusu zaka kutumika katika visima, wanachuoni wana maelezo yao, basi muulizeni sheikh wenu. Sadaka ya kawaida haina utata.

Na sharti jingine: maji ni ya wote. Pale kijijini walikuwepo majirani Wakristo na wafugaji wasio na dini yetu. Walichota na walichangia. Ikiwa tumefundishwa kuwa mtu alisamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, itakuwaje kwa jirani na mtoto wake? Tena kuna hesabu ya kitabibu hapa. Jirani akinywa maji machafu akaharisha, inzi wa chooni kwake hawamuulizi mtu dini kabla ya kutua kwenye chakula chako.

Kwa wanaotoka mjini

Ndugu zetu mnaojitolea, mnaochanga mijini na mnaotumiwa fedha na jamaa walio Uarabuni na Ulaya, Allah awalipe kheri. Sisi wa vijijini tunawahitaji. Siandiki ili mpunguze kutoa. Naandika ili mlichokitoa kisife kabla ya kibao chake. Kabla hamjachimba, ulizeni haya.

Kwanza, kuna visima vingapi hapa vilivyokufa? Mara nyingi kufufua viwili ni rahisi kuliko kuchimba kimoja kipya, na thawabu ya kufufua haipungui kwa sababu kibao ni cha mtu mwingine.

Pili, pampu hii vipuri vyake vinauzwa wapi? Ikiwa jibu ni Dar es Salaam peke yake, chagueni aina nyingine ambayo fundi wa wilaya anaijua.

Tatu, ni nani watakaofundishwa, na je, wamo wanawake?

Nne, maji yamepimwa? Pwani kuna visima vya chumvi, na maji ya chini ya ardhi nayo huingiwa na vijidudu kama choo kiko karibu. Tangu mwaka 2019 tuna Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kisima kiandikishwe huko. Kujitolea kwetu hakuiondolei serikali wajibu wake.

Tano, katika fedha mliyochanga, mmetenga kiasi gani kwa ajili ya mwaka wa pili? Mkipunguza pilau ya ufunguzi mkanunua spana na raba za akiba, hamtakuwa mmepoteza kitu.

Na wale wanaokuja na kambi za dawa, tafadhali njooni pamoja na zahanati ya kijiji, wala msigawe dawa za kuua vijidudu kama peremende. Mgonjwa anayeachiwa nusu dozi ni mzigo mtakaotuachia mkishaondoka.

Nyumbani kwako leo

Msomaji ambaye kijiji chake hakina kisima wala kamati, usingoje. Anza na nyumba yako.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote vizuri, yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa. Kama kuni ni shida, tumia dawa ya klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti. Au jaza maji maangavu katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, uzilaze juani saa 6, na kama kuna mawingu ziache siku 2. Chota kwa kata yenye mpini, mkono usiingie mtungini. Kufunika vyombo ni mafunzo ya Mtume (s.a.w.), na tabibu hana la kuongeza.

Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka ukitoka chooni, ukimtawaza mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Sabuni ikikosekana tumia jivu. Wengine hudhani udhu unatosha. Udhu ni ibada na una fadhila zake, lakini mkono uliotoka kustanji unahitaji sabuni kwanza.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umpe maji ya ORS mapema, usingoje alegee. Pakiti zinapatikana zahanati na madukani. Ukiikosa kabisa, lita moja ya maji salama itie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Zahanati watampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, navyo vimalizwe hata kama ameacha kuharisha. Mkimbize zahanati ukiona macho yamezama, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, kuna damu kwenye choo, au anaharisha maji meupe kama ya mchele.

Ndugu zangu Waislamu, tunajua kuchanga. Hatuhitaji kufundishwa na mradi wowote. Mtu akifa usiku wa manane tunaamka, tunachanga, tunachimba, tunazika, na asubuhi kila mmoja amerudi shambani kwake. Hiyo ni faradhi ya kutosheana, tukiiacha wote tunapata dhambi, na kwa hiyo hatuiachi. Naomba Ijumaa hii baada ya swala mmoja wetu anyanyue mkono aulize: spana ya kisima chetu anayo nani? Jibu likikosekana, nunueni daftari.

Nilipopita pale mwaka jana, bibi wa yule mtoto ndiye aliyekuwa ameshika spana. Mikono yake inatetemeka kwa uzee, lakini anamwelekeza binti wa miaka kumi na tano namna ya kukaza nati. Aliniuliza kama nimeoa, nikamjibu. Akaniambia, "Kunywa maji, mwanangu." Nikanywa.

Tunamwomba Allah (s.w.) azikubali sadaka zetu, azijaalie ziendelee kweli, awarehemu maiti wetu na awalinde watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.